Miguu ya Samsoni

Jumapili, 12 Julai 2015
Njegere za barafu juu ya goti la kushoto, kama kila Jumapili. Misa saa tatu, mechi saa nane mchana, joto la Louisville la kukaanga samaki bila mafuta. Tumewafunga Lexington tatu kwa moja. Pasi zote tatu za mabao zimetoka kwangu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika.

Kocha Bahati kamkumbatia mfungaji, kamnyanyua juu. Mimi kanipiga begani, basi. Mtu yule yule ambaye miaka minne alifunga mabao kwa kusimama tu pale nilipomwambia asimame. Tumbo lilipomshinda akawa kocha. Sasa kasahau nani alimlisha.

Mama hakuja. Hajawahi kuja. Uwanja uko dakika kumi kutoka hapa Shively, mke wangu yuko tayari kumleta kwa gari, yeye anasema jua kali. Siku za mawingu anasema miguu imevimba. Miaka saba Amerika, hajaniona nikigusa mpira. Imenichosha kuuliza.

Jumanne, 14 Julai
Kazini siku nzima kwenye mkanda wa maboksi. Skana imeharibika, nikaandika namba kwa mkono, bosi akanifokea kana kwamba niliivunja mimi.

Nyumbani binti yangu Neema akauliza kwa nini mimi, bibi yake, kocha na nusu ya kanisa tumezaliwa tarehe moja Januari. Nikamwambia ndivyo karani wa kambini alivyoamua. Watu maelfu wamepanga foleni, hana muda. Ukimwambia ulizaliwa msimu wa mahindi, mwaka ule wa ukame, anaandika Januari mosi anaita mwingine. Neema alicheka hadi akashika tumbo. Ana miaka tisa, kila kitu kinachekesha.

Mimi sikucheka. Kitambulisho cha kazini bado kilikuwa kifuani. EZEKIELI, kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 25 Julai
Nimefura. Nitaandika hadi kalamu itoboe karatasi.

Baada ya mazoezi Bahati alituita mduara. Kamati ya mashindano imetoa sheria mpya. Mwaka jana mzee mmoja alianguka uwanjani Columbus, moyo ukasimama, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Kwa hiyo kuanzia nusu fainali, mwenye miaka thelathini na mitano kwenda juu hachezi kombe. Atacheza mechi ya wazee, asubuhi, dakika ishirini na tano kila kipindi. Vitambulisho mezani.

Kila mtu akanitazama. Leseni yangu inasema thelathini na sita.

Bahati akanishika mkono pembeni. "Bon, Mtaliano, usinikasirikie. Donc, si mimi peke niliamua, ni komite. Weye uko na myaka trente-six, mi niko na quarante, arobaini. Tutacheza pamoja mu ile ya bazee."

Nikautoa mkono wake. Wazee! Mimi ndiye namba kumi wa timu hii. Wale vijana wanakimbia kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Nani atawainulia kichwa?

Alhamisi, 30 Julai
Nimemfikiria Padre Anselmo wiki nzima. Ni yeye aliyenitia ugonjwa huu.

Kambini Kibondo, nina miaka kumi na miwili. Yeye Mtaliano mnene, alikuwa refa wa mechi zetu akiwa amevaa kanzu na kandambili. Aliona jinsi ninavyopiga pasi. Akaleta picha ya gazeti iliyopauka: mwanamume mwembamba, nywele zimelazwa kwa mafuta, kaptula hadi magotini, mpira mguuni, macho kwingine kabisa. Akasema huyu alikuwa kiungo wa mji wao, zamani sana, kabla hata baba yake Padre hajaoa. Jina hakulitaja. Alimwita Fundi tu.

Fundi alikuwa mwana wa mwoka mikate, kifua chake dhaifu. Enzi hizo mpira ulikuwa wa kubutua mbele na kuukimbilia. Mwenye mapafu ndiye mchezaji. Yeye akasimama katikati, mikono kiunoni, akainua kichwa. Alipeleka mpira mahali pasipo na mtu, na mtu akafika. Mwanzoni watu wake wenyewe walimzomea, wakidhani ni mvivu. Baadaye walifunga maduka wakaenda kumtazama. Kisha vita. Miaka yake mizuri yote ililiwa na vita. Aliporudi wakamwambia: umezeeka, wewe.

Padre alikuwa akiniambia nisikimbie, nitazame. Wenzangu wakaniita Mtaliano. Hadi leo, hadi Kentucky.

Umezeeka, wewe. Sasa najua alivyosikia.

Jumapili, 2 Agosti
Hili sijawahi kuliandika popote. Daftari litakaa ndani ya begi la njumu, hakuna mwenye pua atakayelisogelea.

Tulikuwa wawili. Ezekieli ndiye mkubwa. Mimi ni Samsoni. Miaka minne kati yetu.

Ezekieli alikuwa mtu wa vitabu. Mpira hakuujua hata kidogo. Ukimpigia pasi anaruka pembeni kama amerushiwa nyoka. Mwaka 1999 malaria ilimpanda kichwani, siku tatu, akaenda. Baba akapeleka habari za kifo ofisini ili jina litolewe kwenye kadi ya familia. Karani akapiga mstari kwenye jina lisilo lake. Alimfuta Samsoni. Akagonga muhuri, akamrudishia Baba kadi.

Mtu mwingine angerudi dirishani. Baba hakurudi. Jirani yetu alikuwa amerudi dirishani mwezi ule kurekebisha umri wa mke wake, wakaambiwa kadi yao yote ni ya uongo, wakakaa bila unga hadi mvua zikaanza. Baba aliogopa. Jioni akaniketisha akasema kuanzia leo wewe ni Ezekieli. Hata humu ndani. Nyumba ya turubai ina masikio. Mama alikuwa analia kwa ajili ya mmoja, akaamriwa asimtaje mwingine.

Makaburini wanaandika jina kutoka kwenye kadi. Kwa hiyo msalaba uliandikwa Samsoni. Nyundo nilishika mimi. Nina miaka kumi na sita, napigilia msalaba wenye jina langu juu ya kaka yangu.

Kila kitu kilichofuata kimesimama juu ya mstari ule wa karani. Mahojiano, viapo, alama za vidole, ndege, grini kadi, leseni. Mke wangu nilimwambia kabla ya ndoa. Akasema yeye anaolewa na mtu, haolewi na karatasi. Ananiita Baba Neema, limekwisha. Wengine wananiita Mtaliano. Aliyebaki na jina Ezekieli mdomoni ni Mama peke yake, na bosi.

Nina miaka thelathini na miwili. Minne iliyozidi ni ya marehemu. Jina langu lilizikwa. Mwaka wangu wa kuzaliwa, nao chini. Miguu haikuzikwa. Miguu hii ni ya Samsoni, Ezekieli asingeweza kupiga pasi ya hatua tatu. Ndicho kitu pekee kilichobaki changu, na sasa marehemu anakidai nacho.

Nina hasira na Baba. Nina hasira na karani. Mungu anisamehe, nina hasira na Ezekieli kwa kufa.

Jumatano, 5 Agosti
Nimemwambia Mama nitasema. Nitakwenda kwenye kamati, nitaeleza, nitawatafutia hata shahidi mmoja wa kambini.

Mama alikuwa anachagua maharage. Hakuinua macho. Akanikumbusha mahojiano yake ya uraia ni Septemba, na kwenye fomu zake imeandikwa ana mtoto mmoja hai, Ezekieli. Ndiyo karatasi aliyoapia. Nikisema mimi, watamuuliza yeye. Akasema hasira hasara.

Nikapiga kelele. Nilimwambia ni rahisi kwake, yeye hajapoteza jina. Nilimwambia hata mpira wangu hautazami, angejuaje kinachoibiwa. Mke wangu akatoka jikoni akanitazama mara moja tu, nikakaa chini.

Mama aliendelea kuchagua maharage. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni.

Jumamosi, 15 Agosti, Columbus
Mwendo wa saa tatu na nusu barabarani. Uwanja uko Hilliard, nyasi nzuri kuliko zulia letu. Nilivaa jezi yangu kuanzia nyumbani. Nilijidanganya kwamba pale mezani hawatatazama.

Walitazama. Binti wa kamati, mstaarabu, kucha za kijani, akasoma leseni akasema wazee ni uwanja wa pili, saa nne. Nikasema nachezea kombe. Akasoma tena. Nyuma yangu vijana wa Columbus wakacheka. Mmoja akasema baba apewe kiti. Damu ilinichemka hadi masikio yakaziba.

Uwanja wa pili sikwenda. Nilikaa kwenye gari la kanisa, madirisha yamefungwa, joto lile. Wazee wetu walicheza kumi dhidi ya kumi na mmoja kwa sababu yangu. Walifungwa nne. Vizuri.

Mchana nikasimama nyuma ya goli kutazama nusu fainali. Aibu tupu. Mbele, mbele, mbele. Hakuna aliyetulia, hakuna aliyetazama. Sifuri kwa sifuri, tukashinda kwa penalti. Wenzangu wakakimbia wakirundikana juu ya kipa. Nilitaka tufungwe. Naandika ukweli: nilisimama pale nikiomba tufungwe.

Kurudi, Bahati akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ningefungua mdomo ningemuuma.

Jumapili, 16 Agosti
Misa sikwenda. Nilipiga pipa la taka teke, likabonyea. Neema akasema, "It's just soccer, Dad." Kwake ni mpira tu. Nikamwambia aniache. Akaniacha. Hilo nalo liliniuma.

Kidole gumba cha mguu kimevimba. Mguu wa kulia, wa pasi ndefu. Mjinga mimi.

Ijumaa, 21 Agosti
Nimekwenda kwa Bahati baada ya kazi. Nia yangu ilikuwa moja: nimwambie kila kitu, halafu aone alichofanya.

Nilimkuta anapiga pasi jezi za timu sebuleni, moja moja, namba kumi ikiwa juu kabisa ya rundo. Mke wake akaleta chai na mandazi. Nikauliza nani hasa aliileta hii sheria kwenye kamati. Nilijua atasema watu wa Buffalo.

Akaweka pasi chini. "Ni mimi nililetaka. Ile papa ya Columbus, ni mimi nilimushika mu mikono, eh. Nilikuwa namuita, hajibu. Macho wazi, hajibu." Akanyoosha kidole kifuani kwangu. "Weye, Mtaliano, sitaki kukushika vile. Utanikasirikia, bon, kasirika. Lakini uko muzima."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu kwenye mkanda wa maboksi. Moyo wa mtu wa miaka thelathini na sita ndio anaouhofia. Ningemwambia moyo huu ni wa thelathini na miwili, angefurahi, angesimama kesho mbele ya kamati na kulitangaza kwa sauti yake ya baragumu. Na Septemba Mama angekaa mbele ya afisa akiulizwa Samsoni ni nani.

Nikala andazi, nikaaga. Hasira niliyokwenda nayo nimerudi nayo, ila sasa haina mtu wa kumwangukia. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Jumanne, 25 Agosti
Wakati wa mapumziko nimemtafuta Fundi kwenye simu. Kiungo, mji wa milimani, mwana wa mwoka mikate, kabla ya vita. Nimeona wembamba wengi wenye kaptula ndefu. Simjui ni yupi. Pengine hayumo. Pengine Padre alichukua picha ya mtu yeyote akatunga maisha yake, ili mvulana mmoja aache kukimbia ovyo. Kila mwaka aliusimulia mwisho wake tofauti. Mara alikufa tajiri. Mara alirudi kuoka mikate. Mara alicheza mechi ya mwisho milimani mbele ya watu hamsini, na mbuzi.

Halafu kuna jambo limenijia nikiwa nimeshika skana, nikasimama, maboksi yakarundikana hadi bosi akapiga mluzi.

Padre ndiye aliyemzika Ezekieli. Alimjua. Alimfundisha Kilatini. Alisimama mbele ya ule msalaba, akausoma, akanitazama mimi na nyundo yangu. Hakusema kitu. Lakini tangu siku ile hakuniita Ezekieli hata mara moja. Samsoni hakuweza kuniita, kungetuponza. Kabla ya hapo alikuwa akiniita kwa jina langu. Baada ya hapo aliniita Fundi. Kanisani, uwanjani, hata aliponipa komunyo alininong'oneza Fundi.

Padre hakutaka kusema uongo, basi akaniazima jina la mtu wake.

Imenichukua miaka kumi na sita kuliona hilo. Na mimi ndiye ninayejisifu kwamba naona uwanja mzima.

Ijumaa, 4 Septemba
Fainali ni Jumapili, Buffalo. Sikutaka kwenda. Ila dereva wa gari la kanisa ana harusi, na mwenye leseni safi nimebaki mimi. Ezekieli ana leseni safi sana.

Mama anakuja. Si kwa ajili ya mpira, anakwenda kumwona mdogo wake anayeishi kule, hawajaonana tangu Krismasi. Kafunga unga wa muhogo, dagaa, vitenge viwili. Usiku, tumefika. Njia nzima alikaa nyuma yangu akisali rozari. Mwendo wa saa tisa barabarani. Columbus tulisimama kula, nikakataa kushuka upande ule wa Hilliard. Vijana walipiga muziki. Bahati alilala kinywa wazi. Nilimtazama kwenye kioo, hasira ikarudi yenyewe, haikuhitaji kuitwa.

Jumapili, 6 Septemba, Buffalo
Naandika nikiwa nyumbani kwa mama mdogo. Niandike kwa mpangilio.

Misa ya asubuhi ilikuwa fupi. Uwanja uko Tonawanda, nyuma ya viwanda, upepo wa ziwa unakata. Bahati akaja na jezi ya wazee mkononi. Si ya namba kumi. Kumi wanayo vijana. Akanipa kumi na nane. Nikaivaa kwa sababu safari hii wangebaki kumi tena, na mke wangu alisema kwenye simu nisirudi na aibu ile mara ya pili.

Mechi ya wazee. Sisi na Buffalo. Matumbo, nywele zilizotiwa rangi, bandeji za magoti. Mimi katikati. Bahati mbele, mshambuliaji, miaka arobaini.

Nikaamua simpi mpira. Basi. Uzuri wa kuwa mchezeshaji ni huo: unaweza kumnyima mtu na hakuna anayejua isipokuwa wewe na yeye. Nilipiga pasi kwa winga. Kwa beki. Nilirudisha kwa kipa. Bahati alikaa peke yake mara nne, ameinua mkono, lango liko wazi, nami nikatazama kule nikapiga huku. Mara ya tano akanitazama tu. Alijua. Dakika ishirini na tano zote hakugusa mpira wa maana hata mmoja. Bao moja wametufunga. Nilijisikia vizuri sana na vibaya sana.

Kipindi cha pili nikamwona mama mdogo kwenye mstari, na kiti cha kukunja, na kwenye kiti Mama. Kitenge kichwani, koti la mtu mwingine, mikono mapajani. Nikadhani macho yamenidanganya. Mama mdogo alikuwa anashika njia ya uwanjani kumtazama mumewe anayechezea Buffalo, hakutaka kumwacha dada yake peke yake ndani. Ndivyo ilivyokuwa, si zaidi.

Nikapata mpira. Nikautuliza. Bahati upande wa kushoto, peke yake tena, mkono juu. Nikageuka kulia.

Sauti ikatoka kwenye mstari. Naijua ile sauti. Ni ya mwanamke anayegawa mihogo kwa watoto wawili na kumwona mmoja ameficha nyuma ya mgongo.

"Samsoni! Mpe mwenzako!"

Miaka kumi na sita. Uwanja mzima ulisikia. Mguu ulijibu kabla yangu. Sikumtazama Bahati. Nilipeleka mpira nyuma ya beki wao, mahali pasipo na mtu, na Bahati na tumbo lake lote akafika. Bao. Alianguka juu ya nyasi akicheka, wakamrukia, nikakimbia kumtazama kifua kama kinapanda. Kilikuwa kinapanda.

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilijua imekwisha. Lakini wanawake wa kambini, wale wa Buffalo tuliofahamiana nao Kibondo baada ya mazishi, walikuwa tayari wamemzunguka. Mmoja kamshika bega. Mwingine kamfunga kanga mabegani. Walikuwa wanamwambia pole, Mama Ezekieli, pole, mtoto hasahauliki. Walidhani amemwona marehemu. Nikasimama pale na jezi ya kumi na nane nikiombolezewa.

Baada ya mechi Bahati akauliza, bado anahema, Samsoni ni nani. Mama akajibu kabla yangu. "Ni mwanangu," akasema. Bahati akavua kofia.

Mechi yetu iliisha bao moja kwa bao moja. Mchana vijana wakachukua kombe, moja kwa sifuri. Bila mimi. Bao zuri, kuna mmoja aliinua kichwa, nilimwona. Iliniuma, naandika ukweli, lakini si kama Columbus.

Jumatatu, 7 Septemba
Barabarani tangu asubuhi. Sasa tumesimama kujaza mafuta, wengine wako ndani wananunua soda.

Mama kahamia kiti cha mbele. Tulikuwa tumepita Cleveland. Akaanza bila kunitazama. Alisema Baba alipokufa alidhani itakuwa rahisi, ikawa vigumu, kwa sababu alibaki peke yake kulinda mdomo wake. Ndani ya nyumba aliweza. Nikiwa nakula, nikiwa nimelala, aliweza kuniita vile karatasi inavyotaka. Uwanjani aliogopa. Kambini, mara ya mwisho kuja uwanjani, wiki mbili baada ya mazishi, jina lilimfika kwenye meno akaling'ata hadi ulimi ukatoka damu. Hakuja tena. Alisema ukiwa na mpira, hakuna namna ya kukuona ukawa mtu mwingine.

Miaka yote hii nimemkasirikia kwa jua kali na miguu iliyovimba.

Nikawasha kiyoyozi, ingawa hakukuwa na joto.

Jumatano, 9 Septemba
Kazini, mkanda, maboksi. Skana mpya. Goti na njegere. Bahati ametuma ujumbe, mazoezi ya wazee Alhamisi, niwahi. Sijamjibu bado, nitamjibu.

Mahojiano ya Mama ni wiki ijayo. Neema anamuuliza maswali mezani: marais, nyota za bendera, majaji. Mama anajua yote. Akifika swali la watoto anajibu mmoja, wazi, bila kusita.

Asubuhi alinitengea uji. Akasema uji uko mezani, Ezekieli. Nikaitika. Nikala. Alikuwa amenipa mgongo, anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, na akauliza mechi nyingine ni lini.